Nyumba Moja Tu

Jaswinder alikuwa amewatia wabunge mfukoni. Simu ilikuwa ndani ya koti, waya umepanda shingoni hadi sikio la kulia, na humo sikioni waheshimiwa walikuwa wakibishana kama wapangaji wenye choo kimoja: amri za dharura ziongezwe au zisiongezwe, watu wafungiwe mpaka Februari kama walivyoahidiwa au mpaka Machi iishe. Sikio la kushoto alikuwa ameliacha wazi kwa ajili ya mtu mmoja, naye mtu huyo alikuwa amechelewa.

Ilikuwa Januari, ile Januari ya kufungiwa mara ya tatu kwa ajili ya korona. Njia ya kando ya mfereji, huku nyuma ya Southall, magharibi ya London, ilikuwa imelowa na kuteleza. Maji yalikuwa yameganda pembezoni na bata walikuwa wakitembea juu ya barafu kwa aibu, kama wageni waliovua viatu mlangoni. Jaswinder alitembea mpaka darajani, akageuka, akarudi. Kusimama hakukuruhusiwa. Ukitoka nje, utoke kwa mazoezi. Ukikutana na mtu asiye wa nyumba yako, awe mmoja tu, na kati yenu ipite nafasi ya kutosha kulaza mtu.

Hiyo ilikuwa sheria ya nje. Ya ndani ndiyo iliyokuwa ikimnyima usingizi.

Sheria ya ndani ilisema hivi: mtu anayeishi peke yake ana ruhusa ya kujiunga na nyumba nyingine. Ataingia, atakula, atakumbatiwa, na akitaka kulala atalala. Ila nyumba moja tu. Waingereza waliita bubble, yaani kiputo, kama kile cha sabuni wanachopuliza watoto. Jaswinder alikuwa mjane wa miaka minne. Alikuwa na nyumba mbili zinazomtaka, na jioni hii alitakiwa aseme ni ipi.

"Mama Ravinder."

Aligeuka. Philippe alikuwa anakuja kwa ule mwendo wake wa kuinamia mbele, kama mtu anayepanda kilima hata pale penye tambarare. Juu alivaa koti kubwa jeusi, chini yake sare ya bluu ya kazini, na usoni barakoa ya kitenge aliyoshonewa na shemeji yake Anne-Marie, yenye ua la njano lililoangukia sawasawa mdomoni.

"Umechelewa," alisema Jaswinder.

"Mzee mmoja amekataa kunyolewa mpaka nimwimbie."

"Ukamwimbia?"

"Nikamwimbia. Akasema basi, afadhali ndevu."

Siku nyingine angecheka. Kwa kucheka ndiko walikoanzia. Ilikuwa majira ya kuchipua, ule mwanzo wa balaa, naye alikuwa jikoni gurdwara, hekalu lao la Kisikh, na akina mama wenzake wakipika dengu na chapati za kupelekea watu waliofungiwa ndani. Philippe aliletwa na gari la nyumba ya kulea wazee anakofanya kazi, kuja kuchukua chakula. Jaswinder alishika tawa ya chapati ya moto kwa mkono mtupu, akaachia tusi la Kiswahili, tusi zito la sokoni, akiwa na uhakika kwamba pale jikoni hakuna anayelielewa. Toka mlangoni sauti ikasema: "Mama, hilo neno mara ya mwisho nililisikia Uvira, na aliyelisema alikuwa dereva wa lori."

Jaswinder alizaliwa Kisumu, kwenye duka la vipuri vya baiskeli. Kiswahili alikuwa amekizika pamoja na marehemu mumewe, Tarsem, kwa sababu ndani ya nyumba yao kilikuwa lugha ya siri, ya kuongelea mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Ravinder alikua bila kuokota hata neno moja. Tarsem alipoondoka, aliondoka na lugha. Halafu akatokea huyu Mkongomani, na macho yake yale.

Ndiyo, macho. Kwani alijua nini kingine? Tangu siku ile alimjua Philippe kuanzia puani kwenda juu. Alijua macho yake yakicheka, yakichoka, yakifiwa. Alijua ile mikunjo ya pembeni inavyojikusanya kabla hajatania. Watu wazima wawili, mmoja amekaribia sitini na mwenzake ameshaipita, na mapenzi yao yote yalikuwa ya kutembea, jana, leo na keshokutwa, kutoka darajani mpaka kwenye mashua za watu na kurudi.

"Philippe," alisema. "Anne-Marie amempigia mwanangu simu."

"Najua. Mi njo nilimtuma."

"Wewe ndiye uliyemtuma."

"Nani tena angemtuma?" Alishangaa kweli, si kwa kujifanya. "Jas, kwetu mwanaume hachukui mama wa watu kama mwizi wa kuku. Anatuma wakubwa, wanabisha hodi. Sasa wakubwa wamefungiwa Kilburn, hodi wataibisha na nini? Wakabisha na simu."

"Uliniuliza mimi?"

"Mwanamke haulizwi hodi ya kwao. Anaulizwa mkubwa wa nyumba. Baba yako hayupo, bwana yako hayupo. Anabakia mtoto wako."

"Mkubwa wa nyumba ni mimi. Huyo Ravinder nimemfunga nepi kwa mikono hii."

"Nilitaka kukuheshimu."

"Unajua alivyofanya Anne-Marie? Alianza kwa maombi. Akaja salamu, za nyumba nzima mmoja mmoja. Akasema wazee wa kanisa wako naye kwenye laini, watatu, kila mtu na simu yake na suti amevaa. Akasema wameona ua zuri ndani ya uwanja wake, wanaomba ruhusa ya mwenye uwanja. Mtoto wa watu yuko kazini anasikiliza tu. Alidhani ni watu wa bima ya mazishi."

Macho ya Philippe yakajikunja pembeni, kisha yakajizuia.

"Mpaka waliposema jina langu," aliendelea Jaswinder, "na jina lako. Akakata simu. Akanipigia mimi. Unajua aliniuliza nini? Mummy, ni kweli? Basi. Mummy, ni kweli."

"Ukamjibu nini?"

Jaswinder alikaza mwendo. Sikioni mbunge mmoja alikuwa anasema kwamba hospitali zimejaa, kwamba yeye binafsi hapendi amri hizi lakini ataziunga mkono kwa moyo mzito. Wote leo walikuwa na moyo mzito, na wote walikuwa wanaziunga mkono.

"Jas," alisema Philippe taratibu. "Mimi nilifikiri umeshamwambia. Tangu mwezi wa tisa unaniambiaka: Jumapili hii nitamwambia. Inapita, inakuja ingine. Nikadhani umeshasema. Ningejua hajui, ningemtuma mtu kumtukana mtoto wako kazini?"

Hapo alikuwa na haki, na Jaswinder alijua. Ndiyo maana alikasirika zaidi.

Goti lilianza kumuuma. Palikuwa na benchi chini ya mti uliopukutika majani. Akaketi upande mmoja, Philippe akaketi upande wa pili, katikati wakaacha pengo la watu wawili. Kabla hata ubao haujapata joto akatokea kijana wa baraza la mji, mwenye kizibao cha njano, mmoja wa wale waliowekwa kuwakumbusha watu sheria.

"Samahani, mama," alisema kwa Kiingereza cha upole. "Kukaa si mazoezi."

"Goti langu linapumzika."

"Ninaelewa. Dakika moja, tafadhali." Akamwangalia Philippe, akaliangalia lile pengo. "Nyinyi ni wa nyumba moja?"

Hilo ndilo swali alilolikimbia tangu Desemba. Na tazama, limemkuta benchini, limeletwa na mtoto wa watu anayetetemeka kwa baridi. Philippe aligeuza uso polepole akamtazama Jaswinder, na macho yale yakangoja. Hayakulazimisha. Yalikaa tu pale, wazi kabisa, kama mlango ambao mtu ameusukuma kisha akakaa pembeni.

"Hapana," alisema Jaswinder. "Si wa nyumba moja."

"Basi itabidi mtembee. Samahani sana."

Wakainuka. Wakatembea. Mashua moja ilikuwa inatoa moshi wa kuni, na ndani kupitia dirishani walionekana mume na mke wanacheza karata. Philippe aliwatazama mpaka walipopita.

"Ulijibu haraka," alisema.

"Ungetaka nimdanganye afisa?"

"Nilitaka ufikiri kidogo. Hata kama utasema hapana, ufikiri."

"Watu walikuwa wanatuona."

"Watu gani? Bata?"

Alitaka kumjibu, lakini simu ikanguruma mfukoni, wabunge wakanyamaza, na mahali pao akaingia Ravinder kutoka Stratford, anakoishi na mkewe Kavita na binti yao Anjali, anayemwita Jaswinder Dadi, yaani bibi. Jaswinder akaongea Kipunjabi kwa sauti ya chini. Philippe akajitenga, akasogea karibu na maji, akamgeuzia mgongo kwa adabu.

"Mummy, uko wapi?"

"Ninatembea, beta, mwanangu. Goti."

"Peke yako?" Hakungoja jibu. "Kavita hajalala. Miguu imevimba. Mama yake ndiyo hivyo amekwama India, Ludhiana, hakuna ndege. Daktari anasema mtoto anaweza kuja wakati wowote. Anjali anauliza Dadi anakuja lini, nimwambie nini?"

"Mwambie Dadi anafikiria."

"Anafikiria nini, Mummy?" Sauti ilikatika kidogo, na mle ndani alimsikia yule mvulana aliyekuwa akiogopa radi. "Sikuchagulii. Usije ukasema nilikuchagulia. Lakini nitakuwa na mtoto mchanga ndani ya nyumba. Huyu bwana anatoka mahali wazee wanakufa kila wiki. Ukiwa kwake, huwezi kuwa kwangu. Hiyo siyo mimi, ni sheria."

"Najua sheria."

"Na hata kama isingekuwa sheria, gurdwara nitawaambia nini? Kwamba mama yangu, na Daddy hajamaliza miaka mitano, yuko na... Unajua ninachosema."

"Na nani, Ravinder? Malizia."

"Wanapiga kura jioni," alisema Ravinder. "Wakiongeza mpaka Machi ndiyo imetoka hiyo. Niambie leo, nije kukuchukua kesho."

Alipokata simu wabunge wakarudi sikioni pale pale walipokuwa wameachwa. Philippe akasogea tena, kwa umbali ule ule wa kisheria.

"Alikuwa mtoto wako?"

"Kavita anakaribia kujifungua. Mama yake hayupo. Kwetu mzazi hakanyagi jiko siku arobaini. Kuna panjiri ya kumpikia, ya samli na karanga na gundi ya mti, ndiyo inayorudisha mgongo. Nani atampikia? Ravinder hajui kuchemsha yai."

"Hata kwetu mzazi anatunzwa," alisema Philippe. "Ni kitu kikubwa. Sitakwambia ni kitu kidogo."

Angesema ni kitu kidogo ingekuwa rahisi kumchukia. Wema wake ndio ulikuwa unamvunja.

"Na mimi niko na jambo," aliendelea. "Nyumba ya wazee inatafuta watu wa kulala mule mule. Unaingia na sanduku lako, hautoki tena mpaka amri ziishe. Hakuna basi, hakuna duka, hakuna mtu wa nje, ili ugonjwa usiingie na sisi. Wameniomba. Nimesema nitajibu usiku wa leo."

Jaswinder alisimama. Kisha akakumbuka, akaanza tena kutembea. "Huwezi kutoka hata kutembea?"

"Ndani ya bustani yao. Ina ukuta."

"Na mimi hukuniambia."

"Ninakwambia sasa. Jas, sikia. Wewe unaishi peke yako. Mimi naishi peke yangu, chumba na jiko juu ya duka la simu. Sheria yenyewe inasema tunaweza. Ukisema ndiyo, ninawaambia hapana, natafuta kazi ya usiku kwenye ghala, mbali na wagonjwa. Mimi, nimezeeka hivi, ni wa kukaa kwenye kiputo, mambo ya sabuni? Nitakaa. Nitakuwa nakuja jioni, unanipa chapati, unanitukana Kiswahili cha lori. Neno moja tu."

Giza lilikuwa limeanza kuingia, lile giza la Januari linalokuja watu hawajamaliza chai. Jaswinder alihisi neno lenyewe limepanda mpaka kooni. Lilikuwa dogo. Akatoa simu mfukoni badala yake.

"Tusubiri Bunge," alisema.

"Jas."

"Huwezi jua. Kuna wanaopinga. Wakikataa kuongeza, mwezi ujao kila kitu kitafunguliwa, hakuna kiputo, hakuna kuchagua. Nitakwenda kwa Kavita mchana, jioni niko na wewe. Kwa nini tuumizane leo kwa jambo ambalo labda kesho halipo?"

Akachomoa waya, sauti ikatoka nje, nyembamba, juu ya maji. Mbunge mmoja wa shamba alikuwa anamzungumzia mjane mmoja wa jimboni kwake ambaye hajaguswa na mkono wa mtu tangu Machi iliyopita. Hajaguswa, mheshimiwa Spika, isipokuwa na muuguzi aliyempima shinikizo la damu. Ukumbini palikuwa kimya, watu wachache wamekaa mbali mbali, wengine wako kwao wanaangalia kwa kompyuta. Jaswinder akahisi macho yanamchoma. Naye alikuwa hajaguswa. Mkono wa mwisho ulikuwa wa Anjali, na uliondolewa haraka, Kavita akisema, usimshike Dadi.

"Mimi nimesubiri serikali nyingi," alisema Philippe.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeongelea mabasi.

"Nimesubiri amani itangazwe redioni, gunia la nguo liko kichwani. Nimesubiri hapa hapa London karatasi zangu mpaka nywele zikageuka rangi. Kusubiri serikali ni kazi, nimeifanya. Njo maana ninajua uso wa mtu anayeomba serikali ikatae, na ninajua uso wa anayeomba ikubali." Alimtazama. "Wewe unaomba ikubali."

"Unasema nini wewe?"

"Unaomba waongeze. Ili usinikatae wewe. Bunge linikatae badala yako."

"Ni uongo."

"Sawa."

"Wewe hujui moyoni mwangu."

"Mapenzi ni kikohozi, mama, hayafichiki. Na kutokutaka pia kunakohoa. Kila Jumapili ulikuwa unakohoa, mimi nilijifanya kiziwi."

Wangekuwa nyumba moja, hapo ndipo angemshika mkono, na pengine mkono ungesema vizuri kuliko mdomo. Lakini kati yao kulikuwa na ile nafasi ya kulaza mtu. Alinyoosha vidole kidogo tu, ndani ya glavu, kisha akavirudisha mfukoni.

Philippe alirudi nyuma, mbali kuliko sheria inavyotaka, akafika chini ya taa ya daraja. Akainua mkono akaivua barakoa, kamba moja, ya pili. Ua la njano likaanguka kifuani.

Alikuwa na kovu dogo juu ya mdomo. Masharubu yalikuwa ya mvi, yamekatwa vizuri, ya mtu anayejitazama kwenye kioo asubuhi. Mdomo ulikuwa wa huzuni kuliko macho. Macho yalikuwa yakimdanganya siku zote hizo. Jaswinder aliutazama uso ule kipande kwa kipande kama mtu anayesoma kwa taa inayokaribia kuzimika.

"Ni mimi huyu," alisema Philippe. "Ukikataa, angalau ukatae mtu mzima, siyo nusu."

Akavaa tena barakoa yake. "Nitakupigia wakishapiga kura." Akapanda ngazi za daraja, ule mwendo wa kilima, na safari hii kilima kilikuwepo kweli.

Nyumbani Jaswinder hakuwasha taa ya sebuleni. Televisheni ilitosha. Aliosha mchele akasahau kuuweka jikoni. Aliketi kwenye kiti cha Tarsem, halafu akahamia kwenye chake.

Wale waliopinga walisema yao kwa uchungu, mmoja akikumbusha kwamba wananchi wameambiwa Februari na karatasi inasema Machi. Waliounga mkono nao wakasema yao. Jaswinder aliwasikiliza wote kwa makini. Alikuwa akijiambia kwamba anaomba. Mungu, wakatae. Alilisema kwa Kipunjabi, akalirudia kwa Kiswahili, kwamba labda lugha ile aliyompendea Philippe ingefika haraka.

Kura zikahesabiwa. Hazikukaribiana hata kidogo. Waliokubali walikuwa rundo, waliokataa kiganja. Amri zimeongezwa.

Na Jaswinder akashusha pumzi.

Aliisikia mwenyewe. Ilitoka ndefu, laini, ya mtu aliyetua mzigo, na ilikuwa imekwisha kutoka kabla hajaweza kuirudisha. Mabega yakashuka. Kisha akabaki amekaa, mikono magotini, anaitazama ile pumzi kama inaelea mbele yake sebuleni. Hakuna aliyemwona. Ravinder hakumwona, Philippe hakumwona. Lakini alikuwa amejiona.

Simu ikalia.

"Nimesikia," alisema Philippe. Nyuma yake kulikuwa na mlio wa zipu ya sanduku. "Wameongeza."

"Wameongeza."

"Basi." Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, ile anayotumia kwa wazee wake. "Ni serikali, Jas. Nani anaweza na serikali? Mchana nilisema maneno makali, baridi ilinipanda kichwani. Haukukosa kitu. Ni Bunge."

Alikuwa anampa. Alikuwa ameifungasha vizuri na kumletea mlangoni: sababu, nzuri, kubwa, yenye Spika na kura na muhuri. Angeipokea, wangelia kidogo pamoja, kila mtu angeilaumu London, na katika miaka iliyobaki angekuwa mwanamke aliyetenganishwa na mpenzi wake na sheria. Ingekuwa hadithi nzuri. Hata yeye mwenyewe angeiamini.

"Philippe," alisema. "Usinipe Bunge."

Zipu ikanyamaza.

"Wangekataa leo, kesho ningekuambia tusubiri Kavita ajifungue. Akijifungua ningekuambia tusubiri arobaini. Ningekuwa na Jumapili yangu kila wiki." Alipumua. "Sheria iliniruhusu kuja kwako. Nimechagua kwa Ravinder. Nimechagua mimi, si wao. Nataka usikie kwangu."

Jaswinder alisikia gari linapita chini ya dirisha la Philippe, na honi, na mtu wa duka la simu akishusha mlango wa chuma.

"Ni kwa ajili ya mtoto mchanga?" aliuliza mwishowe.

"Ni kwa ajili yake. Na ni woga." Hakuwahi kulitamka neno hilo kwa lugha yoyote. "Naogopa macho ya watu, Philippe. Umri huu wote, bado naogopa."

"Ndiyo."

"Useme kitu."

"Asante," alisema. Halikuwa neno la kejeli. "Tangu nikujue, njo mara ya kwanza umeniambia kitu mwenyewe. Imekuja siku mbaya, lakini imekuja."

"Amri zikiisha, Machi..."

"Machi usiitaje, mama." Hapo ndipo sauti ilipomkatika, kidogo tu, akaiunga. "Nikiingia mule na Machi kichwani, nitakuwa nahesabu. Wazee wanamjuaka mtu anayehesabu. Wanaacha kula."

"Basi sitaitaja."

"Kavita umpikie vizuri hiyo ya mgongo. Na wewe goti lako, usikae kwenye baridi."

"Na wewe usiwaimbie."

Alicheka. Alicheka kweli, mara moja, puani, kisha simu ikawa haina mtu.

Asubuhi Ravinder alikuja na gari. Alibeba begi, akamfungulia mama yake mlango wa mbele, akawasha joto la kiti upande wake. Njia nzima mpaka Stratford aliendesha taratibu kuliko kawaida. Karibu na kufika alisema, "Asante, Mummy," na Jaswinder akasema, "Angalia barabara."

Kavita alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni, tumbo limetangulia, uso umechoka. Hakusema usimshike Dadi. Alisogea pembeni tu, na Anjali akatoka mbio soksi zikiteleza kwenye sakafu, akamrukia bibi yake kiunoni, akamkumbatia kwa mikono na miguu.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kushikwa tangu mkono ule ulioondolewa haraka. Joto la mtoto lilipenya koti, likapenya sweta, likafika. Jaswinder alipiga magoti pale pale kwenye zulia la mlangoni, goti bovu na goti zima, akafukia uso kwenye nywele zile zinazonuka sabuni, na kilio kikamtoka ambacho hakukijua kuwa kikubwa kiasi kile.

Ravinder na Kavita walitazamana. Walidhani ni furaha. Nayo ilikuwemo.

"Dadi, kwa nini unalia?" aliuliza Anjali kwa Kiingereza chake cha shule, akijaribu kumfuta kwa mkono wa sweta. "Tumeshakuwa bubble moja."

Jaswinder alimjibu. Alimjibu yote, taratibu, mdomo karibu na sikio la mtoto, jina la yule mtu na uso wake mzima chini ya taa na kile yeye mwenyewe alichomfanyia. Alimjibu kwa Kiswahili, na katika nyumba ile hakukuwa na mtu wa kuelewa.